Mita Sitini za Shaba

Mwanamke aliyeingia ofisini kwa Rauha Salmela asubuhi ya Jumatatu hakuwa na miadi. Alikuwa na mfuko wa kitambaa begani, viatu vyenye vumbi la stendi ya basi, na uso wa mtu aliyesafiri tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni. Alisimama mlangoni mpaka Rauha alipoinua macho kutoka kwenye michoro yake, ndipo akajitaja. Rolande Ouellet, kutoka Geraldton. Mke wa Fernand Ouellet, fundi umeme.

Rauha aliweka kalamu chini. Jina la Fernand Ouellet lilikuwa mbele yake, kwenye jalada, na asubuhi ile peke yake alikuwa amelisoma mara kumi na moja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Julai iliyopita radi ilipiga mnara wa redio wa walinzi wa moto wa misitu, juu ya kilima karibu na Jellicoe. Ndani ya kibanda cha mnara alikuwamo Gordon Haskett, mtu wa redio, ameshika kipaza sauti. Alikufa palepale. Waya wa ardhi wa mnara ule, ambao kazi yake ni kuichukua radi na kuizamisha udongoni kabla haijamfikia mtu, uliwekwa na Fernand miaka tisa kabla. Kwenye kumbukumbu za kazi aliandika kwamba ukinzani wake, yaani kiasi unachouzuia umeme kuingia ardhini, ni omu tisa tu, namba ndogo na nzuri ambayo mafundi wengi wa nchi ile ya miamba hawaipati. Wapelelezi wa kwanza wa kampuni ya bima walisema haiwezekani. Waya mzuri namna hiyo ungemwokoa Haskett. Walipokagua banda la nyumbani kwa Fernand wakakuta mita sitini za waya wa shaba, mpya, umekunjwa vizuri. Wakahitimisha kwamba aliiba shaba, akafukia waya mfupi, akapika namba.

Rauha alikuwa mpelelezi wa ajali za umeme, na kampuni ilimpa kazi ya kuthibitisha maneno hayo kabla ya Ijumaa adhuhuri. Saa hiyo baraza la leseni za mafundi lingeketi, na Fernand angepoteza leseni pamoja na jina lake.

"Sikuja kukuomba umwonee huruma," Rolande alisema alipokwisha kuketi. "Huruma tunayo ya kutosha nyumbani."

Rauha alimkatia mkate wa iliki na kumimina kahawa. Mgeni alikula taratibu, akieleza. Tangu ripoti ile ya kwanza itoke, Fernand alihamia kwenye kibanda chao cha uvuvi ziwani, karibu na Jellicoe. Alisema hawezi kukaa meza moja na watu wanaoitazama mikono yake. Alimkataza Rolande kumfuata. Kila Alhamisi saa kumi alasiri mumewe alitembea mpaka dukani Jellicoe, akapiga simu nyumbani. Sasa zilikuwa Alhamisi thelathini na nne.

"Ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Namuuliza kama amekula. Anasema amekula. Basi." Alifuta makombo kwa kiganja. "Watu wawili walioshiba hivyo hujawahi kuwaona."

Ombi lake lilikuwa moja. Rauha angepata namba, mbaya au nzuri. Ikipatikana, ampigie Fernand simu pale dukani Alhamisi saa kumi, amwambie kwa kinywa chake, ili asiisikie kwa watu wa bima.

Rauha alimweleza kwamba mkataba wake haumruhusu. Matokeo ni mali ya kampuni mpaka baraza liketi, na kampuni ile ndiyo iliyompa nusu ya kazi zake zote. Rolande hakubishana. Macho yake yalikuwa yamefika ukutani, kwenye ndoano yenye kofia ya kiume ya manyoya, kofia ya baridi kali, ingawa ilikuwa Juni.

"Ni ya marehemu mume wangu," Rauha alisema.

"Muda gani?"

"Miaka mitatu."

Rolande alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei aliyokwisha kuijua. Halafu Rauha akasema, "Nitampigia."

Mgeni alipoinuka kwenda kunawa, Rauha aliurudia mchoro wa mnara. Ulikuwa nakala isiyo na jina la mchoraji, muhuri wa ofisi peke yake. Waya mmoja ulitoka mguuni pa mnara, ukateremka kilima mita mia moja na tisini hadi kinamasini. Pembeni palikuwa na vipimo vilivyoandikwa kwa mkono, na kimojawapo kilikuwa na tarakimu ya saba iliyokatwa kiunoni kwa kistari. Rauha aliitazama saba ile. Kisha akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

*

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa gari la Rauha, kwa sababu kupima ardhi kunataka mikono minne na Rolande alisema yake haina kazi. Kwa saa mbili na nusu waliongozana na misonobari. Walikula pai ya nyama, ya baridi, kutoka kwenye ule mfuko wa kitambaa. Rolande alikosoa namna Rauha anavyobadilisha gia. Rauha akamwambia gari limezoea.

Walipolipita duka la Jellicoe palikuwa na njia ya vumbi inayoingia msituni kuelekea ziwani. Juu ya miti, moshi mzito mweupe ulikuwa unapanda. Rauha alipunguza mwendo. Rolande hakumwambia apinde, wala hakumwambia aendelee.

"Anachoma kuni mbichi," alisema hatimaye. "Nilimwambia miaka yote, zinaziba bomba."

Aligeuza shingo kuutazama moshi mpaka miti ikaufunika.

Kilimani visubi waliwapokea kama wageni wa harusi. Walivaa kofia zenye wavu, wakaanza kazi. Rauha aliuachanisha waya na mnara ili kuupima peke yake. Akachomeka fimbo mbili za chuma mbali, kwenye mstari mmoja, akaunganisha kipimo, akasubiri sindano itulie. Akapima tena, fimbo zikiwa mahali pengine. Mara ya tatu alimwita Rolande aje asome mwenyewe.

"Tisa," Rolande alisoma. "Na nukta mbili."

"Baada ya karibu miaka kumi."

Halafu walifuata waya kwa chombo cha kutafutia metali, hatua kwa hatua, kutoka mguuni pa mnara hadi kwenye tope. Walichimba mahali patatu. Shaba ilikuwa ya unene ulioandikwa, viungo vimeshikana, hakuna palipokatwa. Mita mia moja na tisini, zote zipo.

"Basi hakuiba," Rauha alisema.

"Hilo nalijua tangu aliponioa," Rolande akajibu, huku anajikuna shingo. "Sasa niambie nisilolijua. Kama waya ni mzima, Gordon amekufaje?"

Ndilo swali lililokuwa limebaki, na Rauha alilijibu akiwa amechuchumaa, anapanga fimbo nne kwa ajili ya kupima udongo wenyewe. Kipimo kile kinausukuma umeme polepole, mitetemo mia moja na kidogo kwa sekunde. Umeme wa namna hiyo una subira. Ukikuta mwamba haupitiki, unatembea na waya mpaka kinamasini, unazama huko. Radi haina subira. Ndani yake mna mitetemo ya laki na ya milioni kwa sekunde, na kwa mwendo huo waya wenyewe unakuwa kizuizi. Kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyokataa kupitisha.

Rolande alifikiri kidogo. "Kama mlangoni kanisani baada ya misa ya Krismasi. Nje kuna nafasi ya kijiji kizima, lakini wewe umebanwa kwenye viti vya mbele."

"Hivyo hivyo. Na Gordon alikuwa viti vya mbele."

Mafundi wa nchi ile yote walikuwa na msemo mmoja, na Rauha aliufahamu kabla Rolande hajautaja: mpeleke waya mpaka anywe. Kwenye mwamba kipimo kinakataa, kwa hiyo unauburuta waya hadi kwenye tope lililo karibu, kipimo kinakubali, unaandika namba, unakwenda nyumbani. Mumewe Rauha, Taisto, mhandisi wa minara kwa miaka thelathini, alikuwa akiusema mezani, tena kwa kicheko, akiinua glasi.

Hakumwambia Rolande hilo. Alipima udongo kwa mitetemo ya polepole, kisha akatoa chombo cha pili na kupima kwa ile ya kasi, hatua kwa hatua hadi milioni, akiandika kila jibu. Jua lilikuwa bado juu walipomaliza.

Alipomshusha Rolande stendi, mwanamke yule alitoa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Ukipata namba, fungua. Kabla ya hapo, usifungue."

"Kuna nini ndani?"

"Karatasi moja ya Fernand. Kwanza ardhi iseme. Baadaye watu."

*

Jumatano Rauha aliujenga upya mnara ule ndani ya kompyuta. Aliukata waya vipande vya mita moja moja. Kila kipande alikipa ukinzani wake dhidi ya umeme wa ghafla, na mlango wake mdogo wa kuvujishia umeme ardhini. Vipande mia moja na sitini vilipita kwenye mwamba, thelathini vilikuwa kinamasini. Kisha akaiamuru mashine ihesabu waya wote, kwa kila mtetemo, kutoka mia kwa sekunde hadi milioni.

Mstari ulichorwa kwenye kioo. Upande wa kushoto, kwenye mitetemo ya polepole, ulilala bapa kwenye tisa. Fernand hakupika kitu. Ulipofika elfu kumi ulianza kuinuka, na kwenye laki tano ulikuwa umefika mia tatu na kumi.

Mpelelezi mwenye haraka angesimama hapo. Rauha hakusimama, maana alijua hesabu ile ilikuwa imeionea ardhi. Ilichukulia kwamba udongo una tabia moja siku zote, na udongo hauko hivyo. Unaomzuia mwenda pole humlegezea mwenda kasi. Ndiyo sababu alipima kilimani kwa chombo cha pili. Kwa mitetemo ya polepole mwamba ule ulikinza kwa elfu sita. Kwa mitetemo ya milioni, elfu mbili na mia nne. Aliingiza vipimo hivyo, kimoja kimoja, kila mtetemo na udongo wake.

Alitaka mstari ushuke sana. Alikaa mbele ya kioo na kahawa iliyopoa, akitaka hivyo kwa moyo wake wote, kwa sababu kushuka huko kungemwondolea kosa yeyote aliyeuchora waya ule.

Mstari ulishuka. Ukasimama kwenye mia moja na arobaini.

Alikagua urefu, unene, na kina cha kufukia. Akarudia, akapata mia moja na arobaini. Kinga za kibanda kile zilitengenezwa kustahimili sitini. Akarudia mara ya tatu, kisha akaifungua bahasha.

Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la kazi. Juu, kwa penseli na mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amesimama, Fernand alikuwa ameandika: *Namba ni nzuri lakini waya ni mrefu mno, siuamini. Naomba mita sitini zaidi niweke mguu wa kunguru chini ya mnara, vidole vinne vya waya. Nimekwisha nunua shaba mwenyewe. Naomba ruhusa tu.*

Chini yake, kwa wino wa buluu: *Hapana haja. 9 yatosha. T.S., 17 Juni.*

Saba ilikuwa imekatwa kiunoni.

Rauha aliifahamu saba ile kabla ya herufi za jina. Ilikuwa kwenye orodha za sokoni, kwenye kalenda, nyuma ya picha za watoto. Kwa miaka mitatu hakuwa ameona hata moja mpya, na sasa alikuwa ameiona. Alipitisha kidole juu ya wino.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande kingine cha karatasi, cha Rolande. *Fernand hakuwaonyesha hii. Alisema marehemu hawezi kujibu, na alikuwa mtu mwema kwake. Nilijua wewe ni mke wa nani nilipopanda basi. Sikutaka uione mara ya kwanza mbele za watu.*

Kazi ilikuwa bado haijaisha. Rauha alichora vidole vinne vya mita kumi na tano mguuni pa mnara, kama Fernand alivyoomba, akavikata vipande vya mita moja moja, akaiamuru mashine ihesabu. Kwenye kipimo cha kawaida vidole vile peke yake visingefua dafu. Fundi yeyote angevikataa. Lakini mashine ilipovijumlisha na waya mrefu na kuvijaribu kwa mitetemo ya radi, jibu lilikuwa hamsini na tano.

*

Alhamisi saa tisa na nusu Wendell Pruitt wa kampuni ya bima alipiga simu. Alikuwa mchangamfu, kama kawaida yake kabla ya chakula kizuri.

"Mama Salmela, nipe neno moja tu nilale vizuri. Mwizi au si mwizi?"

Rauha alimjibu kwamba si mwizi, na kwamba mengine yako kwenye ripoti. Pruitt akauliza kama basi kosa ni la mchoro. Hakungoja jibu. Alisema mchoro una mwenyewe, na ofisi ile ya minara ilikwisha kufungwa, na walioifanyia kazi wengine wako kaburini, na kuwafukua ni kazi ndefu isiyompendeza mtu. Kulikuwa na njia nyepesi. Aandike tu kwamba sababu haikuthibitika. Fernand asishtakiwe, marehemu wasiguswe, kila mtu arudi kwake.

"Fernand hatarudi kwake," Rauha alisema.

"Kwa nini asirudi? Leseni anabaki nayo."

"Mtu ambaye kosa lake halikuthibitika bado anatazamwa mikono, Wendell."

Pruitt alimkumbusha kwa upole kuhusu mkataba. Matokeo hayatoki nje kabla ya baraza. Atakayeyatoa asitegemee kuitwa tena. Alisema hivyo bila ukali, kisha akamtakia jioni njema.

Ripoti ilikuwa tayari kwenye kompyuta, imekamilika isipokuwa nafasi mbili: jina la aliyekataa ombi la fundi, na sahihi. Rauha aliandika la kwanza kwa ukamilifu, Taisto Ilmari Salmela, bila kufupisha. Aliandika pia kwamba mwandishi wa ripoti ni mjane wake, ili baraza lijue na lipime. Kisha akatia sahihi kwa jina hilohilo la Salmela.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Alitafuta namba ya duka la Jellicoe. Mwenye duka alipokea, akasema Fernand huyo hapa, amesimama karibu na simu kama kawaida yake, subiri.

"Rolande?" Sauti ya kiume, iliyokwaruza, ya mtu asiyezungumza sana. "Mbona leo umenitangulia? Kuna nini?"

"Si Rolande. Hakuna baya. Mimi ni Rauha Salmela, mpelelezi wa bima."

Kengele ya mlango wa duka ililia, mtu akaingia.

"Mke wa Taisto," Fernand alisema.

"Ndiyo. Nilimwahidi mkeo nitakwambia mwenyewe. Tisa yako ilikuwa ya kweli. Niliipima juzi, bado ni tisa. Kwa radi ni mia moja na arobaini." Alisoma kutoka kwenye karatasi ingawa hakuhitaji. "Nilijaribu pia mguu wa kunguru wako. Ungeishusha mpaka hamsini na tano. Kinga zingestahimili."

Rauha alisikia pumzi yake, na friji ya duka ikiunguruma.

"Nilikuwa nikienda kucheza naye karata," Fernand alisema. "Gordon. Nikikaa kwenye kibanda kile, nikiutazama ule waya, nikijiambia kesho nitaleta ile shaba, niifukie bila ruhusa ya mtu. Miaka tisa."

"Hukukatazwa na kipimo. Ulikatazwa na mtu."

"Na umemwandika?"

"Jina kamili."

"Hukulazimika, mama. Alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa," Rauha alisema. "Na alikosea. Kama asingekuwa mume wangu ningemwandika. Kwa hiyo nimemwandika."

Fernand alikohoa, au kitu kinachofanana na kukohoa. Aliuliza kama anaweza kukata sasa. Hakutaka kumkosea adabu, lakini saa kumi ilikuwa imepita, na kuna mtu Geraldton atakayeanza kuwa na wasiwasi.

"Nenda," Rauha alisema. "Leo usimwambie umekula."

Simu ilikatika. Alikaa akiwa bado ameishika, dakika moja, mbili. Geraldton, kwenye nyumba asiyowahi kuiona, simu nyingine ilikuwa inalia, na mwanamke alikuwa anafuta mikono haraka ili aipokee.

Alituma ripoti kwa Pruitt na kwa baraza, nakala moja kila upande, saa hiyohiyo. Halafu akaivuta karibu nakala ya mchoro ili aiweke kwenye jalada. Kikombe kilikuwa kimerudi palepale, kama siku zote tangu Jumatatu. Alikiondoa. Duara la kahawa lilikuwa limekauka kwenye karatasi, na katikati yake, wazi kabisa, saba ya Taisto.